Mafahali Mia Katika Zizi Moja

Jumamosi asubuhi huwa napita kwa fundi wa kompyuta wa mtaani kwetu, siku nyingine na chaja iliyokufa, siku nyingine na maneno tu. Kwa miezi kadhaa sasa naona kitu kilekile. Kijana anaingia na mashine kwenye begi la shule, jasho linamtoka. "Shikamoo fundi. Hii kompyuta ina virusi. Nikifungua gemu tu, inajizima." Fundi anaiwasha, anaperuzi kidogo, anaguna. Virusi hamna. Kilichomo ni mchezo mmoja uitwao Skyrim, na juu yake modi (nyongeza za mchezo zinazotengenezwa na wachezaji) mia na ushee, zilizopakuliwa kwa bando la usiku na kurundikwa kama belo la mitumba ambalo halijachambuliwa.

Wiki tatu zilizopita kijana mwenyewe alikuwa mpwa wangu.

"Mjomba, hizi modi mbovu."

"Zote 140?"

"Siyo zote. Kuna moja mbovu, ila siijui ni ipi."

"Ulianza kuweka ipi, ukamalizia na ipi?"

Akanyamaza. Hakukumbuka.

Nitasema msimamo wangu mapema ili tusizungushane. Modi nyingi hazina ubovu wowote. Ukiichukua moja ukaiweka peke yake, inafanya kazi yake vizuri, kwa sababu aliyeitengeneza aliijaribu peke yake. Tatizo linaanza zinapokutana, na aliyezikutanisha ni wewe. Kuweka modi ni kubofya tu, mtoto wa darasa la tatu anaweza. Kuzifanya mia moja zikae pamoja bila kuumizana ni kazi ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba hawezi kusingizia wageni aliowaalika mwenyewe.

Zizi lenyewe

Kwa msomaji asiyecheza, Skyrim ni mchezo wa kuvaa uhusika. Unaunda mtu wako, unamchagulia kabila na sura, kisha unaingia nchi ya theluji, majoka na vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kuishi humo upendavyo: shujaa, mwizi, mhunzi au mla njama. Uliundwa na Bethesda Game Studios ya Marekani chini ya uongozi wa Todd Howard, ukatoka tarehe 11 Novemba 2011.

Michezo mingi ya mwaka ule imeshasahaulika. Huu bado unachezwa, na sababu kubwa ni kwamba wenyewe hawakufunga mlango. Februari 2012 Bethesda ilitoa bure Creation Kit, programu ya ujenzi inayotokana na ile waliyoitumia wenyewe. Kwao haikuwa mara ya kwanza, maana hata Morrowind, mchezo wao wa mwaka 2002, ilikuja na kifaa chake cha kujengea. Basi watu wakaingia na nyundo zao. Huyu anaongeza miti, yule anabadili nyuso, mwingine analeta majira ya baridi yanayoua kwelikweli. Mwaka 2013 kijana wa Kimarekani wa miaka 19, Alexander Velicky, alitoa Falskaar, nchi mpya nzima yenye watu, visa na muziki wake.

Utajiri huo ndio mtego. Penye wengi pana mengi. Kila mmoja wa hao wajenzi alikaa chumbani kwake, katika nchi yake, akaijenga modi yake akidhani nyumba ni tupu. Hakujua kwamba wewe utamweka chumba kimoja na wenzake 139. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Sisi tunaingiza mia, tunafunga geti, tunakwenda kulala, kisha asubuhi tunashangaa ua umevunjika.

Wa mwisho ndiye mshindi

Ugomvi wenyewe ni wa namna gani? Modi nyingi huja na vitu vya aina mbili. Kwanza ni mafaili ya kuonekana na kusikika: picha za ngozi na mawe, maumbo ya milima, sauti. Pili ni plagini, faili linalouambia mchezo nini kimebadilika: upanga huu sasa una uzito ule, bwana fulani sasa analala nyumba ile. Modi mbili zikigusa kitu kimoja, mchezo hauitishi kikao cha usuluhishi. Iliyopakiwa mwisho ndiyo inayosikilizwa. Maelezo ya iliyotangulia juu ya kitu hicho huwekwa kando yote, hata yale ambayo hayakuwa na ugomvi na mtu.

Chukua mfano wa Belethor, mwenye duka katika mji wa Whiterun. Modi ya kwanza inampa sura mpya. Ya pili inamvalisha nguo mpya, wala haina habari na sura yake. Ya pili ikipakiwa mwisho, maelezo ya uso wake yanarudi yale ya zamani, wakati faili la umbo la kichwa ni la modi ya kwanza. Viwili havilingani. Unaingia dukani unamkuta Belethor ana kichwa cha rangi ya mkaa juu ya mwili wa rangi yake ya kawaida. Wachezaji wazoefu wanaitambua kasoro hii kwa kutupia jicho tu. Mgeni anadhani kadi ya picha imeungua, anabeba mashine kwenda kwa fundi.

Ndiyo maana kukawa na viraka. Kiraka ni plagini ndogo inayokaa nyuma ya modi zote mbili na kusema: sura chukueni ya huyu, nguo chukueni za yule. Kwa modi mashuhuri, mara nyingi kuna mtu amekwisha kukushonea. Kwa zisizo mashuhuri utashona mwenyewe kwa programu ya xEdit, ambayo hukuonyesha safu kwa safu nani kasema nini na nani kamfuta nani.

Tena zizi lina ukubwa wake. Mchezo huipa kila plagini namba, na namba zote ni 256. Katika toleo la Special Edition la mwaka 2016, mbili zimetengwa kwa shughuli nyingine, zikabaki 254, na humo tano ni za mchezo wenyewe. Baadaye zikaja plagini nyepesi, ambazo hushiriki namba moja na zinaweza kufika 4,096. Vijana waliposikia hiyo 4,096 wakafurahi kama waliotangaziwa kiwanja cha bure. Lakini nafasi ya kulala haijawahi kuwapatanisha wageni.

Watu huniambia: "Ipo LOOT, inapanga yenyewe." Kweli ipo, na ni nzuri. Huzipanga plagini kwa kanuni zilizokusanywa na wachezaji kwa miaka mingi. Ila LOOT ni askari wa foleni. Anaweza kukwambia nani atangulie nani afuate. Hawezi kukwambia kama hao wawili walipaswa kuwa nyumba moja.

Bando halirudi

Hapa ndipo jambo linapoacha kuwa la gemu na kuwa la nyumbani. Nani analipa gharama ya pupa?

Modi ya kubadili picha za milima na barabara peke yake inaweza kula gigabaiti kadhaa. Anayekusanya bila mpango huchukua tatu zinazobadili milima ileile, kwa kuwa zote zilikuwa na picha nzuri za matangazo. Mbili kati ya hizo hataziona kamwe. Zimefunikwa na ya mwisho. Amelipia bando mara tatu ili auone mlima mara moja. Katika nyumba ambayo bando hilohilo ndilo mama anaagizia mzigo wa dukani na dada anatumia kutuma maombi ya chuo, hasara hiyo ina majina ya watu.

Halafu kuna ukubwa. Kijana ana kioo cha kawaida na kadi ya picha ya kizamani iliyokuja na kompyuta ya mtumba, lakini anachukua picha za ukubwa wa 4K kwa kila jiwe na kila kabichi. Mchezo unatembea kama gari lenye mchanga kwenye injini. Angechukua za 2K, au hata za 1K kwa vitu vidogo, mashine yake ingepumua na jicho lake lisingeona tofauti kubwa. Kwa nini hakuchukua? Kwa sababu picha kubwa zilionekana bora. Mtaka yote hukosa yote.

Na kuna hasara isiyo na risiti: muda. Mpwa wangu alipoteza safari ya saa 60. Aliondoa modi moja katikati ya mchezo, ile aliyoishuku. Hakujua kwamba modi zenye skripti, yaani maagizo yanayoendeshwa wakati wa kucheza, huacha mizizi ndani ya faili la mchezo uliohifadhiwa. Ukiing'oa modi, mizizi inabaki, inaendelea kutafuta shina ambalo halipo. Faili likaanza kugoma, mara moja kwa siku, kisha mara tatu, kisha halikufunguka tena. Alilia kwa siri. Nilimwona.

Mali bila daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuwaambia wafanyabiashara, lakini sijaona mahali inapofaa kuliko hapa.

Siku tuliyoanza upya nilimpa mpwa wangu masharti, na mimi nikiwa mwanafunzi pamoja naye. La kwanza, futa kila kitu. Mchezo uwekwe safi, nje ya folda ya Windows ya Program Files ambayo ina ulinzi wake na huleta usumbufu, kisha ufunguliwe mara moja bila modi yoyote. Ukigoma hapo, ugonjwa ni wa mashine, usizisingizie modi.

La pili, usimwage modi ndani ya folda ya mchezo kwa mkono. Tumia msimamizi. Mod Organizer 2 huitunza kila modi kwenye folda yake, kisha huuonyesha mchezo kana kwamba zote zimechanganywa, ilhali folda ya mchezo inabaki kama ilivyokuwa. Ukimkataa mgeni, anatoka bila kuacha msumari ukutani. Vortex, ya tovuti ya Nexus Mods, hufuata njia nyingine lakini lengo ni hilohilo. Aliyeanzisha Mod Organizer, anayejulikana kwa jina la Tannin, ndiye baadaye aliyeajiriwa kuiunda Vortex, kwa hiyo ubishi wa vijana kuhusu ipi bora ni ubishi wa watoto wa mzazi mmoja.

La tatu, msingi kwanza. SKSE, programu inayoupa mchezo uwezo ambao waundaji hawakuuweka. Kisha kiraka kisicho rasmi kinachosahihisha mamia ya makosa ya mchezo. Kisha SkyUI ya kurekebisha menyu. Baada ya hapo ongeza mbili tatu, fungua mchezo, tembea, ingia mjini, toka. Pakiwa shwari, andika daftarini: jina, toleo, tarehe, inamtegemea nani, inagombana na nani. Ndipo uongeze nyingine. Kuna modi inayohitaji nyingine iwepo kabla yake. Ukiikosa hiyo, mchezo unaanguka hata menyu haijafunguka, na taarifa ilikuwa imeandikwa wazi kwenye ukurasa wa modi ambao hukuusoma.

La nne, usikubali kila sasisho. Tarehe 11 Novemba 2021, mchezo ulipotimiza miaka kumi, lilitoka toleo la maadhimisho pamoja na mabadiliko ya mchezo wenyewe. SKSE hufungamana na toleo mahususi la mchezo, hivyo modi nyingi zilizoiegemea zilisimama hadi zilipofanyiwa kazi upya. Desemba 2023 yakatokea yaleyale. Walioiambia Steam, duka la michezo la mtandaoni, isisasishe mchezo hadi utakapofunguliwa kupitia kwake, nao wakawa wanaufungua kupitia SKSE, waliendelea kucheza. Wengine waliamka wakakuta nyumba imehamishwa wakiwa usingizini.

La tano ndilo nililolipenda zaidi. Mchezo ukigoma na hujui nani mkosa, kata nusu. Anza mchezo mpya wa majaribio, zima nusu ya modi, ukichunga kwamba zinazotegemeana hazitengani. Ukitulia, mkosa yuko kwenye nusu uliyoizima. Igawe nayo. Modi 128 zinakupeleka kwa mkosa mmoja kwa hatua saba. Mpwa wangu alikuwa amejaribu moja moja kwa siku nne.

Kazi ya bure na shukrani ya punda

Nimesoma maoni wanayoandikiwa watengenezaji wa modi, nikaona aibu. "Modi yako imeharibu gemu yangu." "Rekebisha haraka." Huyo anayeamrishwa mara nyingi hajalipwa senti. Nexus Mods, hazina kubwa ya modi hizi, iliasisiwa na Mwingereza Robin Scott mwaka 2001, na sehemu kubwa ya kilichomo ni kazi ya mikono ya watu waliokosa usingizi kwa kupenda. Shukrani ya punda ni mateke, lakini hata punda huwa kabebeshwa kitu kwanza.

Mwaka 2015 ulionyesha ugumu wa jambo hili. Mwezi Aprili, Valve, wenye Steam, pamoja na Bethesda waliruhusu modi za Skyrim kuuzwa kwenye Steam, mtengenezaji akipata asilimia 25. Makelele yakapaa. Modi moja ya uvuvi ikaondolewa upesi kwa kuwa iliegemea kazi ya mtengenezaji mwingine ambaye hakuwa ameridhia. Baada ya siku nne tu mpango mzima ukafutwa na wanunuzi wakarudishiwa pesa. Mauzo yalirudi baadaye kwa sura nyingine, lakini somo la siku zile nne halijachakaa: modi hutegemeana kama nyumba za uswahilini zinavyoshirikiana kuta. Ukigonga msumari kwako, picha ya jirani inaanguka.

Ndiyo maana nashikilia kwamba lawama ni ya aliyekusanya. Mjenzi wa milima hakuahidi kuelewana na mjenzi wa miti. Hawajuani. Anayewajua wote wawili ni nani, kama siyo wewe?

Biriani ya kuagiza

Kuna watakaosema natwanga maji kwenye kinu. Siku hizi kuna orodha zilizopangwa tayari, kupitia Collections za Nexus au programu ya Wabbajack, mamia ya modi zinajipanga zenyewe na viraka vyake. Kwa nini mtu ahangaike na daftari?

Sizipingi. Ni biriani ya kuagiza, na aliyeipika anaijua kazi yake. Lakini zipo zinazozidi gigabaiti 100, na hiyo kwa nyumba nyingi ni mshahara uliogeuzwa bando. Pia mlaji wa biriani ya kuagiza hana uhuru wa kuongeza chumvi. Karibu kila orodha huja na onyo: ukiongeza modi yako, usituulize. Naye kijana ataongeza, maana ni kijana. Siku hiyo atarudi palepale alipo mpwa wangu, tofauti ni kwamba atakuwa na wageni 900 ambao hajui hata jina la mmoja.

Kwa wazazi, najua swali lenu: faida iko wapi? Simwahidi mtu ajira. Naweza kusema Velicky, yule wa Falskaar, aliajiriwa na kampuni ya michezo ya Bungie, na kwamba Nick Pearce wa Australia, aliyekuwa mwanasheria, aliitengeneza modi ya The Forgotten City mwaka 2015, ikapata tuzo ya chama cha waandishi cha nchi yake, na mwaka 2021 ikazaliwa upya kama mchezo unaojitegemea. Hao ni wachache mno kwa kumjengea mtoto matumaini. Mimi naangalia kitu kidogo zaidi. Mtoto anayesoma maelekezo kabla ya kubofya, anayeandika alichokifanya, anayetafuta kosa kwa hatua badala ya hasira, huyo amejifunza jambo ambalo hata sisi watu wazima ofisini linatushinda. Msihesabu saa anazokaa kwenye kioo pekee. Ombeni kuona daftari. Kama hana, hapo mna haki ya kuzima umeme.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa dada yangu. Mpwa wangu amefika modi 31, na mchezo haujaanguka kwa siku kumi na moja. Dada alinivuta jikoni, sura imemkaza, ameshika daftari la mwanawe alilolikuta chini ya mto. Alidhani ni madeni.

"Kaka, hebu nisomee hapa. SkyUI, anamtegemea SKSE. RaceMenu, anamtegemea SKSE. Ukurasa mzima hivyohivyo." Akashusha sauti. "Huyu SKSE ni mtoto wa nani? Maskini, mbona wote wanamtegemea yeye?"